Wanaorudi kwenye kicheza muziki hawafuati sauti

Mei 2022, Apple ilipotangaza kwamba iPod touch itauzwa mpaka mzigo uliobaki uishe, wengi tuliichukulia kama taarifa ya msiba uliokuwa ukitarajiwa. Simu ilishameza kamera, saa, tochi na redio, na kicheza muziki kilikuwa tonge la mwisho la mlo uleule. Leo habari imegeuka. Sony bado inatoa Walkman mpya, safari hii zikiwa na Android ndani. FiiO ya China, kwa jina la Snowsky, imeingiza sokoni kidude kiitwacho Echo Mini, cha dola kama 60, chenye sura ya mashine ya kaseti. Ulaya na Marekani kuna vijana wanaotafuta iPod zilizokwishatumika, wanazifungua, wanatoa diski ya zamani na kuweka memori kadi, wanabadilisha betri na kutembea nazo. Wanaoeleza jambo hili wamegawanyika kambi mbili. Kuna wanaosema ni watu kuukumbuka utoto wao, na kuna wanaosema masikio yamechoshwa na sauti mbovu ya simu, sasa yanadai haki yake.

Naona kambi zote mbili zimepotea, na ya pili imepotea zaidi kwa sababu imeamini kile wanunuzi wanachosema kuhusu sauti. Katika sifa zote za kifaa cha muziki, sauti ndiyo ambayo mnunuzi wa kawaida hana namna ya kuitolea ushahidi. Matangazo ya vifaa hivi yamejenga nyumba yake palepale, mahali ambapo mteja hawezi kupima. Kinachomfanya mtu akipende kifaa chake baada ya miezi sita kiko upande mwingine kabisa, upande usiobandikwa stika wala kuandikwa namba kwenye boksi. Tusipoutenganisha upande huo na ule wa kwanza, tutaendelea kuuziwa mbuzi kwenye gunia na kuandika sifa za gunia.

Turudi Tokyo, tarehe 1 Julai 1979, Walkman ya kwanza ilipoingia madukani kwa yen 33,000. Wenye maduka waliguna. Mashine ya kaseti isiyorekodi, nani atainunua? Sony ilikuwa imetengeneza 30,000, na mwezi ule wa kwanza zikatoka kama 3,000 tu. Hapo ndipo wafanyakazi wa kampuni walipozivaa wakaingia mitaani, Ginza na kwenye treni za mjini siku za Jumapili, wakimwomba huyu na yule asikilize kidogo. Mwisho wa Agosti mzigo wote ulikuwa umekwisha. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; hapa chema kilitembezwa kwa miguu. Lakini hakuna mpita njia aliyesomewa namba. Alivishwa hedfoni, akasikia wimbo huku anatembea, akaamua mwenyewe. Mashine ile ilikuwa na matundu mawili ya hedfoni na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili watu wawili waweze kuongea, kwa sababu Akio Morita, mkuu wa kampuni, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia peke yake na muziki mbele ya wenzake. Wanunuzi hawakukijali kitufe kile, na matoleo ya baadaye yakakiacha. Hawakuandika popote kwamba wanataka kuachwa peke yao na nyimbo zao. Walionyesha kwa kutokibonyeza.

Somo hilo lilijirudia miaka ishirini baadaye, na safari hii maoni ya watu yaliandikwa, kwa hiyo tunaweza kuyapima. Mwaka 1998 kampuni ya Diamond ya Marekani iliuza Rio PMP300, yenye megabaiti 32, sawa na nusu saa ya muziki. Mwaka 2000 Creative ya Singapore ikaleta Nomad Jukebox, gigabaiti 6, umbo la mashine ya CD. Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple ikaonyesha iPod: gigabaiti 5, dola 399. Siku hiyohiyo Rob Malda, mwanzilishi wa Slashdot, tovuti iliyokuwa ikisomwa sana na watu wa kompyuta, aliimaliza kwa sentensi fupi tatu: haina mawasiliano ya bila waya, ina nafasi ndogo kuliko Nomad, haina lolote. Maneno yale yamekuwa kichekesho tangu wakati huo, na nadhani anaonewa, maana kila alichokihesabu kilikuwa sahihi. Nomad kweli ilikuwa na gigabaiti moja zaidi. Hesabu yake iliacha kwamba Nomad ilivuta nyimbo kutoka kwenye kompyuta kwa USB ya kizazi cha kwanza, isiyozidi megabiti 12 kwa sekunde, wakati iPod ilitumia waya wa FireWire wa megabiti 400. Iliacha kwamba iPod iliingia mfukoni, na kwamba gurudumu lake lilimfikisha mtu kwenye wimbo wa mia nane bila kidole kuchoka. Mambo hayo hayakuwa na mstari wake kwenye jedwali la sifa, basi yakahesabika kama hayapo.

Wapinzani walitangaza gigabaiti. Apple ikatangaza nyimbo 1,000 mfukoni. Ukichukua wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kilobiti 160 kwa sekunde, gigabaiti 5 zinakupa kama nyimbo elfu moja, kwa hiyo namba ni ileile, ila imegeuzwa kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukihakiki nyumbani kwake kwa kuhesabu CD zilizo kwenye rafu. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa maneno matamu dhidi ya uhandisi. Mimi naona tangazo lile lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa na ukweli unaopimika na mwenye pesa yake. Miaka mitano baadaye Microsoft ilikuja na Zune, yenye redio, kioo kikubwa kuliko cha iPod na uwezo wa kumrushia mwenzako wimbo bila waya, isipokuwa wimbo huo ulikufa baada ya kuchezwa mara tatu au baada ya siku tatu. Kwenye karatasi ilipendeza. Mtu akishapewa wimbo ukamfia mkononi, karatasi haimsaidii.

Kisha simu ikaja. iPhone ilitoka 2007, na mwaka wa mahesabu wa 2008 ndio ulikuwa kilele cha iPod, zikiuzwa karibu milioni 55. Baada ya hapo ilikuwa kuteremka tu. Kampuni zilizobaki kutengeneza vicheza muziki zilijikuta na mlango mmoja wa kutokea: kusema kwamba sauti ya simu haifai. Mwaka 2014 mwanamuziki Neil Young alichangisha zaidi ya dola milioni 6 kwa njia ya Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ili kutengeneza PonoPlayer, kifaa cha dola 399 kilichoahidi kurudisha roho ya muziki kwa faili za biti 24 na kilohezi 192. Mwaka huohuo Japani ikatoa ile nembo ya dhahabu ya Hi-Res Audio, yaani sauti ya ubora wa juu, unayoiona siku hizi hata kwenye hedfoni za bei poa. Sony ikapanda ngazi mpaka kwenye Walkman yenye kasha la shaba iliyopakwa dhahabu. Toleo la 2022 liliuzwa Marekani kwa takriban dola 3,700. Pono ilikwisha kimyakimya mwaka 2017. Nembo ya dhahabu bado ipo.

Hapa lazima tuingie ndani kidogo, maana ndiko fedha za watu zinakopotelea. CD huchukua vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, na kwa kanuni ya uhandisi isiyobishaniwa, hiyo inatosha kubeba kila mtetemo hadi karibu hezi 22,000, yaani mitetemo 22,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu likiwa zima na changa hufika 20,000, na kila mwaka linarudi nyuma. Faili la kilohezi 192, yaani vipimo 192,000 kwa sekunde, linaweza kubeba mitetemo ya hadi hezi 96,000. Huko ni kwa popo. Biti za ziada, yaani tarakimu nyingi zaidi kwa kila kipimo, nazo zinashusha chini zaidi kelele ya usuli, jambo lenye maana sana studio wakati wa kurekodi na kuchanganya, lakini ndani ya daladala linafunikwa na injini kabla hujafika kituo cha kwanza. Mwaka 2007 jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, lilichapisha jaribio la Meyer na Moran. Wasikilizaji walipewa rekodi za ubora wa juu, kisha rekodi zilezile zikipitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554, waliopatia walikuwa asilimia 49.8. Ukirusha shilingi unapata matokeo kama hayo.

Wapo wanaopinga, na wana hoja ya kusikilizwa. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya majaribio 18 ya namna hii yenye zaidi ya raundi 12,000, akakuta kwamba kwa jumla watu walipatia kwa asilimia 52.3, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Nalikubali tokeo hilo. Siyo bahati tu. Kuna kitu kidogo pale. Ila tofauti inayohitaji mafunzo, chumba kimya na raundi elfu kadhaa ili ionekane si ile inayoahidiwa kwenye bango, ambako mtu anafumba macho na machozi yanamtoka. Vilevile wanaotumia hedfoni kubwa, zile ngumu kusukuma, wana haki ya kutaka kifaa chenye nguvu kuliko simu, na hiyo ni sababu ya kweli kabisa ya kununua. Wao ni wachache. Hoja isiyosimama ni ile ya Hi-Res bila waya. LDAC, mfumo wa Bluetooth wa Sony unaopewa sifa hiyo, hupitisha kilobiti 990 kwa sekunde ukiwa katika hali yake bora. CD ya kawaida ni kilobiti 1,411. Rekodi ya biti 24 na kilohezi 96, kabla haijabanwa, inazidi 4,600. Mtu anayenunua kicheza muziki cha ubora wa juu akakiunganisha na hedfoni za Bluetooth amenunua lori la tani kumi kisha anapitisha mzigo kwenye tundu la sindano, na hajui, kwa sababu anachosikia ni kizuri. Na kweli ni kizuri! Tatizo halipo kwenye sikio lake, lipo kwenye maelezo aliyopewa.

Kwa nini basi maoni ya wanunuzi yamejaa sauti? Kwa sababu sikio halitunzi. Kumbukumbu ya sauti halisi, mbali na wimbo na maneno yake, hudumu sekunde chache tu, kwa hiyo anayesema kifaa kipya kina sauti safi kuliko alichokuwa nacho mwezi jana analinganisha kifaa na hadithi. Juu ya hilo, sikio hutafsiri sauti iliyo juu kidogo kuwa ni sauti bora, hata pale ambapo haligundui kwamba imepandishwa. Wauzaji wanalijua hilo kuliko wahandisi. Nimewahi kusimama dukani nikibadilishiwa vifaa viwili, cha bei ndogo na cha bei kubwa, na kila nilipopewa kile cha pili kidole cha muuzaji kilipita kwenye kitufe cha sauti. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilishaanza kutikisa kichwa.

Ukitaka kujua kifaa kikoje, soma maoni kwa kutazama tarehe. Ya wiki ya kwanza yana lugha ya harusi: besi nzito, sauti imefunguka, thamani ya pesa. Huyo ametoka kulipa, na anayetoka kulipa anajitetea kwanza mbele ya nafsi yake. Ya miezi sita ni lugha ya ndoa. Kitufe cha kurukisha wimbo kinakwama. Tundu la hedfoni limelegea. Chaji iliyosemwa saa 30 ni 14. Albamu zinajipanga kwa alfabeti ya jina la faili, kwa hiyo wimbo wa kumi unacheza kabla ya wa pili. Humo ndimo mna habari, na ndiyo maana mimi huanza na nyota tatu. Mwenye nyota tatu anakipenda kifaa chake kiasi cha kutosha kukijua kasoro. Apple ilipoondoa tundu la hedfoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, mkuu wake wa masoko, Phil Schiller, alisema jukwaani kwamba sababu ni ujasiri. Miaka inapita na watu bado wanalalamikia tundu lile. Malalamiko ya muda mrefu namna hiyo yana uzito kuliko maelfu ya sifa za siku ya kufungua boksi.

Sasa tazama ushahidi ninaouona mkubwa kuliko wote. Apple Music iliongeza muziki usiopunguzwa ubora Juni 2021 bila kupandisha bei. Spotify, baada ya kungojewa miaka, ikafanya hivyo Septemba 2025. Kiunganishi cha USB-C cha Apple cha dola 9, kinachoipa simu tundu la hedfoni, kimepimwa na wapimaji huru wakakuta kelele na upotoshaji wake viko chini ya kile sikio linachoweza kunasa. Kwa maneno mengine, mtu mwenye simu, kiunganishi cha dola 9 na hedfoni nzuri ya waya ana sauti yote anayoweza kuisikia. Kama sauti ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha watu kwenye vicheza muziki, hapo ndipo biashara ingekufa. Haikufa. Na kinachovutia wengi hivi sasa ni vidude kama Echo Mini, visivyo na intaneti wala nafasi ya kuweka programu nyingine. Wanunuzi wanalipia kile kisichokuwemo. Wimbo haukatwi na simu ya mtu wa kikoba, ujumbe wa kundi la ukoo haulii katikati ya ubeti, na ukitaka kubadili wimbo huishii kusoma habari za wabunge kwa nusu saa.

Mtengenezaji ana shida hapo, kwa sababu upungufu ni mgumu kuupigia chapuo. Huwezi kwenda kwa bosi wako na bango lisemalo kifaa chetu hakina. Kwa hiyo anachapisha kilohezi na nembo ya dhahabu, anapewa mnunuzi aliyekuja kwa sababu nyingine, na mnunuzi huyo, akiulizwa kwa nini amenunua, anajibu kwa maneno aliyoyakuta kwenye boksi. Wachambuzi nao wananukuu jibu hilo. Duara limefungwa. Sony yenyewe imejikanyaga humo: Walkman yake ya 2023, NW-A306, iliingia sokoni kwa zaidi ya pauni 300, ina Android na duka la programu, maana yake inamrudishia mteja mlango ambao alikuwa amekuja kuufunga. Malalamiko niliyoyaona ya kudumu juu ya kifaa hicho ni ya uzito wa programu na chaji, si ya sauti.

Kuhusu kambi ya kumbukumbu za utoto, sihitaji maneno mengi. Kijana wa miaka 19 hakuwepo duniani iPod ya kwanza ilipotoka. Anachokikumbuka hapo hakipo. Mitindo ina sehemu yake, sikatai. Hata zile hedfoni nyeupe za Apple zilikuwa vazi kabla ya kuwa chombo, na kifaa chenye sura ya kaseti kinapendeza shingoni. Lakini mtindo haumfanyi mtu akae jioni nzima akipanga faili na kusahihisha majina ya wasanii. Kazi hiyo anaifanya mtu anayetaka kumiliki. Januari 2022 Neil Young, yuleyule wa Pono, aliondoa nyimbo zake Spotify kwa kupinga habari za chanjo katika kipindi cha mtandaoni cha Joe Rogan, akazirudisha Machi 2024. Kwa miaka miwili na ushei mteja aliyelipia kila mwezi hakuwa nazo, na mwenye faili zake hakujua hata kama kuna ugomvi. Kifaa chake kilishindwa sokoni, lakini hoja aliyoithibitisha bila kukusudia ni nzito kuliko ile aliyoiuza.

Huku kwetu mjadala huu unaonekana wa ajabu, kwa sababu kicheza muziki hakikuwahi kuondoka. Kiliingia ndani ya kiswaswadu, kile wenzetu wa Kenya wanachokiita kabambe, chenye sehemu ya memori kadi na spika inayosikika mpaka nyumba ya tatu. Kiliingia kwenye redio ya flashi iliyofungwa kwa mpira kwenye bodaboda, kwenye sabufa ya kinyozi, kwenye kispika cha mlinzi wa usiku. Spotify ilifika Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021, Boomplay ikitangulia kwa kuja ndani ya simu za Tecno, na Mdundo ya Nairobi ikajijengea jina kwa kumruhusu mtu ashushe wimbo akae nao. Hata hivyo kibanda cha kuwekea watu nyimbo kingali kinafanya kazi stendi nyingi, kwa sababu bando linaisha na memori haiishi. Tuache swali la haki za wasanii, ambalo ni kubwa na linahitaji makala yake. Ninachotaka kionekane ni kwamba mnunuzi wa kibandani anauliza maswali ya miezi sita siku ya kwanza: inakaa na chaji? inasoma memori ya ngapi? ukiidondosha je? Anatoa memori yake mfukoni, anaichomeka, anasikiliza wimbo anaoujua mpaka mwisho. Yule wa London mwenye stika ya dhahabu angefaidika kukaa naye benchi moja.

Tusijisifu sana lakini, kwa sababu namba zimetukamata kwingine. Chukua sabufa. Boksi linasema PMPO, kisha tarakimu nne, wakati mwingine tano, kisha W. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hupata namba yake kwa njia inayokipendeza. Geuza sabufa hiyohiyo nyuma usome kibati cha umeme, mara nyingi utakuta kinasema inakula wati 40 au 60. Kifaa hakiwezi kutoa nguvu ambayo hakikuingiza. Marekani ililiona tatizo hili mapema: tangu 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ina kanuni ya namna ya kutangaza nguvu ya vikuza sauti, na mwaka 2024 iliikaza ili wote wapime kwa masharti yaleyale. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, tuna Tume ya Ushindani, FCC, ya kuisimamia na Shirika la Viwango, TBS. Kudai kwamba kila boksi la sabufa liandike wati halisi, kwa maandishi yasiyopungua ukubwa wa hayo ya PMPO, hakuhitaji sheria mpya wala maabara ya mabilioni. Kunahitaji mtu wa kusema tumechoka kudanganywa na tarakimu.

Memori kadi ni mbaya zaidi, kwa sababu uongo wake umetegwa kwa saa. Ndani ya kadi feki mna kadi ndogo, tuseme ya gigabaiti 8, iliyofundishwa kuiambia simu kwamba ni ya 512. Unaiweka, simu inaonyesha 512, unaingiza nyimbo mia tatu, zinacheza, unarudi mtandaoni ulikoinunua unaandika: mzigo umefika, inafanya kazi, nyota tano. Ni ushahidi wa kweli kutoka kwa mtu mwaminifu, na hauna thamani yoyote. Siku gigabaiti ya tisa inapoingia, nyimbo mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinabaki majina matupu, na wakati huo muda wa kurudisha bidhaa umekwisha. Programu kama H2testw huijaza kadi nzima kisha kuisoma upya, na hufichua udanganyifu huo siku ya kwanza, ila nani kati yetu huwa anaiendesha? Masoko ya mtandaoni yangeweza kumwandikia mnunuzi baada ya siku 90 na kumuuliza tena, kisha yakaweka jibu hilo juu ya lile la mwanzo. Hayafanyi hivyo, na sababu haihitaji mchambuzi.

Nalisema hili nikiwafikiria wale watakaosoma sifa za vicheza muziki vipya na kushawishika. Echo Mini ina hifadhi yake ya ndani ya gigabaiti 8, ambayo faili za ubora wa CD zitaimaliza kwa albamu ishirini na kitu. Iliyobaki inategemea kadi utakayoinunua mwenyewe, na pale unaponunulia kadi hakuna atakayekuruhusu kuijaza kabla ya kulipa.